GNOME, KDE na wenzao: Kwa nini watumiaji wa Linux hugombana kila sura ya kompyuta ikibadilishwa

Anayesafiri kutoka Dar es Salaam kwenda kusini, akishaipita Lindi, hufika Mingoyo. Hapo barabara inagawanyika: wa Masasi wanashika yao, wa Mtwara yao. Kwenye programu huria ugomvi mwingi huishia hivyo hivyo. Watu wakishindwana, kila kundi linashika njia yake. Ila kabla ya kufika kwenye njia panda, maneno huwa mengi.

Eneokazi ni nini?

Ukiwasha kompyuta, kile unachokiona, yaani menyu, ikoni, upau wenye saa na madirisha yanayofunguka na kufungwa, ndicho kinachoitwa eneokazi. Kwenye Windows ni moja tu. Microsoft wakiamua kulibadilisha, mtumiaji atalalamika halafu atazoea.

Kwenye Linux yapo mengi: GNOME, KDE Plasma, Xfce, Cinnamon, MATE, LXQt na mengine. Yote ni bure, na msimbo wake uko wazi. Yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Ruhusa hiyo ndiyo inayowapa watumiaji nguvu ya kugoma.

1996 hadi 2000: Ugomvi wa leseni

Oktoba 1996, Mjerumani Matthias Ettrich alitangaza mradi wa KDE. Alitaka Linux iwe na sura inayoeleweka hata kwa mtu asiye fundi. Tatizo likawa moja: KDE ilijengwa juu ya Qt, programu ya kampuni ya Trolltech ya Norway, ambayo leseni yake wakati huo haikuwa huria.

Waliokataa hilo hawakukaa kimya. Agosti 1997, Miguel de Icaza na Federico Mena kutoka Mexico walianzisha GNOME. Mwaka 2000 Qt ikatolewa kwa leseni huria ya GPL, sababu ya ugomvi ikaisha. Lakini kambi mbili zilishajengwa, na zipo mpaka leo.

2008: KDE 4 yawachefua wengi

Januari 2008 ilitoka KDE 4.0. Ilikuwa imeandikwa upya kwa sehemu kubwa, na vitu vingi vilivyokuwepo KDE 3 havikuwepo au vilikuwa havijaiva. Waundaji walisema toleo hilo ni la kuanzia tu. Watumiaji waliolikuta tayari kwenye mashine zao hawakuelewa somo.

Hata Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, aliiacha KDE akahamia GNOME. Wengine waliichukua KDE 3 wakaiendeleza kwa jina la Trinity.

2011: Kasheshe la GNOME 3

Tarehe 6 Aprili 2011 ikawa zamu ya GNOME. Toleo la 3 liliondoa upau wa chini na menyu zilizozoeleka, likaondoa hata kitufe cha kushusha dirisha. Torvalds akahama tena, safari hii kwenda Xfce, ingawa baadaye alirudi GNOME.

Kilichouma zaidi hakikuwa sura. GNOME 3 ilitaka kompyuta yenye uwezo mzuri wa michoro. Mashine iliyoshindwa ilipewa hali ya akiba, inayofanana na GNOME ya zamani. Mwaka 2013, toleo la 3.8 likaifuta hali hiyo.

Kwa mwenye kompyuta mpya hilo halikuwa jambo. Kwa anayenunua kompyuta ya mtumba, kama ilivyo kwa wengi Afrika Mashariki, uamuzi kama huo unaweza kuifanya mashine nzima ionekane mbovu wakati haina ubovu wowote.

Waundaji nao walikuwa na hoja. Wengi wao hujitolea. Kila njia ya zamani inayobakizwa inahitaji mtu wa kuitunza na kuisahihisha, na watu hao ni wachache. Mtumiaji anaona kitufe kimoja tu kimeondolewa, lakini kwa mtunzaji ni mzigo umepungua.

Ubuntu nayo yakatwa vipande

Mwezi huo huo wa Aprili 2011, Ubuntu ilileta eneokazi lake, Unity. Ubuntu ilianzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Kwa miaka kadhaa iliwatumia watu CD bure kwa posta popote duniani, hivyo wengi waliijulia Linux hapo.

Unity iliwagawa. Wapo walioipenda, wapo walioondoka. Aprili 2017 Shuttleworth alitangaza kuachana nayo, na Oktoba mwaka huo Ubuntu ikarudi GNOME. Safari hiyo wakalia waliokuwa wameshaizoea Unity.

Walioshika njia yao

Walioikataa GNOME 3 walifanya kazi, si kelele tu. Mtu mmoja wa Argentina alichukua msimbo wa GNOME 2 na kuanzisha MATE, jina la kinywaji cha kwao. Timu ya Linux Mint, chini ya Clément Lefebvre, ilianzia kwenye msimbo wa GNOME 3 ikatengeneza Cinnamon, yenye menyu na upau wa chini kama zamani. Zote mbili bado zinatumika.

Kiswahili kinaguswa vipi?

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake kutoka Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Mwaka 2010 OpenOffice yenyewe ikagawanyika, ikazaliwa LibreOffice.

Kwa mfasiri, mgawanyiko una gharama. Kila menyu ikibadilishwa, maneno yake yanatafsiriwa upya. Mradi mmoja ukiwa miwili, kazi nayo inakuwa mara mbili. Lugha yenye wafasiri wengi inastahimili. Yenye wachache inabaki nyuma, na mtumiaji anakuta nusu Kiswahili, nusu Kiingereza.

Uchague lipi leo?

Swali hili lina uzito sasa, kwa sababu Microsoft walimaliza huduma ya kawaida ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki kwenye Windows 11. Kwa kukadiria:

• RAM ya GB 2: jaribu LXQt au Xfce.
• RAM ya GB 4: Xfce, MATE au Cinnamon.
• RAM ya GB 8 na zaidi: lolote, zikiwemo GNOME na KDE Plasma.

Aliyezoea Windows atajisikia nyumbani haraka kwenye Cinnamon au KDE. Mpenda sura tupu isiyo na vitu vingi ataipenda GNOME.

Kabla ya kufuta chochote, hifadhi mafaili yako pembeni, kisha washa Linux kwa kutumia flashi uione bila kuisakinisha. Angalia Wi-Fi, sauti na printa. Isipokufaa, chomoa flashi, kompyuta inabaki ilivyokuwa.

Faili la kupakua hufika GB kadhaa, na bando ni pesa. Si lazima kila mtu alipakue. Leseni inaruhusu kunakili, kwa hiyo mmoja akishalipata Lindi mjini, flashi hiyo hiyo inaweza kuzunguka Mingoyo nzima, na hakuna sheria itakayokuwa imevunjwa.