Ruzuku ya Isle de Jean Charles: ilitolewa kwa nani?

Mwaka 1955 kisiwa cha Isle de Jean Charles, kusini kabisa mwa jimbo la Louisiana, Marekani, kilikuwa na ekari zipatazo 22,000. Zimebaki 320 hivi. Mababu wa wakazi wake walikimbilia vinamasi vya huko karne ya 19, serikali ilipokuwa ikiwang'oa wenyeji wa asili kwenye ardhi zao. Nani angewafuata kwenye matope?

Bahari haikukila kisiwa peke yake. Kampuni za mafuta zilichimba mifereji, maji ya chumvi yakapenya na kuua mimea iliyoshika udongo. Kingo zilizojengwa kando ya mto Mississippi nazo zikazuia tope lililokuwa likiijaza pwani. Baadaye ukapangwa ukuta mkubwa wa kuzuia mafuriko. Kisiwa kikaachwa nje, kwa hesabu kwamba gharama ya kukizungushia ingezidi faida.

Kwa hiyo kabila la wakazi hao wa asili, likiongozwa na Chifu Albert Naquin, lilikuwa limeshaanza kutafuta mahali pa kuhamia wote kwa pamoja tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Januari 2016 mlango ukafunguka: Wizara ya Makazi na Maendeleo ya Miji ya serikali kuu ilitenga dola milioni 48.3 za kuwahamisha. Magazeti yakawaita wakimbizi wa kwanza wa tabianchi nchini humo, jina ambalo wengi wao hawakulipenda.

Lakini hundi haikuandikwa kwa jina la kabila. Mpokeaji alikuwa jimbo, na kabila lenyewe halitambuliwi na serikali kuu. Ombi la ruzuku lilishinda kwa hadithi ya watu wanaotaka kuendelea kuwa kabila moja. Fedha zilipofika, maofisa wakaanza kuhesabu kaya, mojamoja. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Jimbo likanunua shamba la miwa la ekari 515 huko Schriever, kilomita 60 na kitu kaskazini, na viongozi wa kabila wakajitenga na mradi.

Agosti 2021 kimbunga Ida kikabomoa nyumba nyingi kisiwani. Mwaka mmoja baadaye familia za kwanza zikakabidhiwa funguo za nyumba mpya huko Schriever. Desemba 2023 kabila likapeleka malalamiko kwa wizara ileile iliyotoa ruzuku, likidai limebaguliwa na jimbo.