Mabao Tisa ya Ndaye Mulamba

Taifa humwenzi shujaa wake kwa mambo mawili: kulitaja jina lake, na kumtunza yeye mwenyewe. Historia ya Ndaye Mulamba, mshambuliaji wa Zaire, nchi ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, yatudhihirishia jinsi la kwanza liwezavyo kutimizwa huku la pili likisahauliwa.

Ndaye alizaliwa mwaka 1948 mjini Luluabourg, ambao sasa waitwa Kananga, huko Kasai. Mwaka 1973 alikuwamo katika AS Vita Club ya Kinshasa, iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika. Wapenzi wa kandanda walimpa jina la Mutumbula. Nasi tusemao Kiswahili tukilisikia hatuna budi kukumbuka kitendo cha kutumbua.

Machi 1974 Kombe la Mataifa ya Afrika lilichezwa Misri. Ndaye aliwafunga Guinea mabao 2 na Mauritius 1. Katika nusu fainali wenyeji walitangulia kwa mabao 2; Zaire ikageuza mambo na kushinda 3 kwa 2, mawili yakiwa ya Ndaye. Fainali na Zambia ilikwisha 2 kwa 2, naye ndiye aliyefunga yote ya Zaire. Siku mbili baadaye mechi ilirudiwa. Zaire ilishinda 2 kwa 0, na kwa mara nyingine mabao yote yalikuwa yake. Jumla yakawa 9, yakiipita rekodi ya Laurent Pokou wa Ivory Coast, aliyefunga 8 mwaka 1970. Zaire ilicheza mechi 6 tu. Siku hizi bingwa hucheza 7, wala rekodi hiyo haijavunjwa.

Mobutu aliwatunuku wachezaji nyumba na magari. Lakini mwaka huohuo, katika Kombe la Dunia huko Ujerumani ya Magharibi, Yugoslavia iliwafunga mabao 9, na Ndaye akatolewa uwanjani kwa kosa la mchezaji mwenzake. Neema ya serikali ikapoa.

Mwaka 1994 Ndaye alitunukiwa heshima nchini Tunisia. Aliporejea kwao alipigwa risasi mguuni na watu waliodhani amekuja na mali. Alikimbilia Afrika ya Kusini, akawa mkimbizi, akipata riziki kwa kulinda magari maegeshoni mjini Cape Town. Mwaka 1998, katika michuano ya Kombe la Mataifa nchini Burkina Faso, watu walisimama kimya kumwombolezea, kwa kuwa ilivuma kwamba amekufa. Kumbe yu hai, akihangaikia mlo wake.

Alifariki Johannesburg Januari 2019. Basi yatupasa, sisi tulio katika shughuli za utamaduni na michezo, tujiulize kabla ya kuandaa gwaride jingine la ushindi: je, mchezaji huyu tumemwekea nini cha uzeeni? Nyimbo za sifa ni wajibu wetu, lakini mzee hali nyimbo.