Kuzunguka Vilima vya Ipililo

Panda vilima hivi vya wilaya ya Maswa asubuhi, kabla mawe hayajapata moto. Mawe haya ni graniti yenye umri wa takriban miaka bilioni 2.5.

Ukianza kushuka, tazama udongo zaidi kuliko mandhari. Chini ya majabali kuna luseni, mchanga mwepesi wa viazi vitamu, karanga na mihogo. Mteremko ukilala unakutana na itogolo, udongo mgumu wa kijivu ambao wakulima huuzungushia matuta wakapata majaluba ya mpunga. Bondeni kabisa ni mbuga, mfinyanzi mweusi unaopasuka kiangazi na kung'ang'ania viatu wakati wa mvua. Wasukuma wamelima kwa kuufuata mpangilio huu tangu zamani. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo wa kituo cha Amani, Usambara, aliandika juu ya mfuatano wa namna hii, na wanasayansi wakaupokea kama jambo jipya!

Ukikuta ngitili, ni malisho yanayofungwa masika na kufunguliwa nyasi zinapoadimika. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza 1986 wakati Maswa ikiwa bado ndani ya mkoa wa Shinyanga, ulisaidia kuufufua utaratibu huo. Usikatishe katikati ya ngitili hata kama huoni ua. Mipaka wenyeji wanaijua.