Shokomzoba asilia za Peugeot 504 hufufuka

Mwenye gari kuukuu aina ya Peugeot 504, lililotwaa Safari Rally mwaka 1975 na 1978, asiharakishe kutupa shokomzoba asilia zinazovuja. Za mbele zimo ndani ya mguu wa springi, nao hufunguliwa kwa nati ya juu. Springi ibanwe kwanza kwa kibanio chake. Ikifyatuka huweza kuua.

Fimbo yenye vidonda vya kutu itararua sili mpya upesi, hivyo ipakwe kromu upya au itafutwe nyingine katika magari yaliyochakaa. Mafuta ya injini, ambayo baadhi ya mafundi huyamimina, ni mazito mno. Katika barabara za vumbi, kama za Kulesa na Garsen, kifuniko cha fimbo kisikosekane. Shokomzoba hurekebishwa mbili mbili, kushoto na kulia.