Miguu ya Deraya

Wanafunzi wa shule ya Kilakala, hapa Morogoro, wakiamua kuigiza Makbeth, tamthilia ya Shakespeare katika tafsiri ya S. S. Mushi ya mwaka 1968, orodha ya mavazi itakwama miguuni. Upanga, ngao na chapeo vina majina. Kifuani ipo deraya, neno la asili ya Kiarabu tunalolisikia siku hizi kwenye habari za vita, katika magari ya deraya. Wasomaji wa Biblia wanamjua na nduguye, dirii. Lakini lile vazi la pete za chuma walilovaa wapiganaji wa Ulaya tangu nyayoni hadi mapajani tuliiteje?

Wengi watakimbilia mnyororo. Mimi nalikataa. Katika mnyororo kila pete hushikana na mbili tu. Katika vazi hili kila pete hupitiwa na nne, ndiyo maana hulala mwilini kama kitambaa. Tena, hapa Morogoro mnyororo wa mguuni una historia yake. Simbamwene, mji wa chifu Kisabengo, ulikuwa kwenye njia ya misafara ya Bagamoyo, na watumwa walipitishwa humo. Sema mwigizaji ana minyororo miguuni, mtazamaji ataona mateka.

Suruali nayo haifai, maana vazi hili halina makalio. Ni vipande viwili, kila mguu na chake, vinaning'inizwa kwenye mkanda wa kiunoni na kufungwa chini ya goti ili uzito usivute. Bamba la ugoko ni kitu kingine kabisa.

Fundi cherehani ndiye mwenye jibu. Kila siku husema “mguu wa suruali umezidi, niupunguze”, na hakuna anayeshtuka. Basi tuseme mguu wa deraya, wingi miguu ya deraya. Na kwa kuwa ipo deraya ya mabamba, tuongeze “ya pete” panapohitajika.

Makbeth mwenyewe alitawala Uskoti kuanzia 1040 hadi 1057, wakati vazi hilo lilikuwa la wachache. Katika kitambaa kilichotariziwa cha Bayeux, cha karne hiyo hiyo, wapiganaji wengi hawana vazi hilo. William wa Normandy analo miguuni. Lilienea karne ya 12 na ya 13.

Jukwaani chuma si lazima. Kamba nyembamba ya katani, ambayo hupatikana Morogoro, ikifumwa kwa sindano nene na kupakwa rangi ya fedha, inatosha kabisa. Kwenye orodha andikeni: miguu ya deraya ya pete, jozi nne.