Mfungo wa Vibarua wa Delano

Wengine katika kijitabu hiki cha Jubilei wameandika habari za makanisa yaliyojengwa na shule zilizofunguliwa. Sisi twaona vema kuandika habari za kufunga. Kila mwaka, Kwaresima ifikapo, twawafundisha watu siku za mfungo na kiasi cha chakula. Lakini ni mara chache twawafundisha kwamba mfungo una neno na ujira wa kibarua. Nabii Isaya, katika mlango wa 58, aliyaunganisha mambo hayo mawili zamani sana. Aliwakemea wale waliofunga na kuinamisha vichwa, huku siku iyo hiyo wakiwaonea watumishi wao. Basi na tuwasimulie habari za watu waliolishika fundisho hilo kwa matendo. Wako mbali nasi, katika jimbo la California nchini Marekani, lakini shida yao yajulikana na kila aliyepata kushika jembe katika shamba la mtu mwingine.

Delano ni mji mdogo katika bonde kubwa la California, na mashamba ya mizabibu yameuzunguka. Vibarua wake wengi walikuwa watu wa asili ya Mexico na Wafilipino, wakihama toka shamba hata shamba kwa kufuata mavuno. Mwaka 1935 serikali ya Marekani ilitunga sheria ya kulinda vyama vya wafanyakazi, lakini vibarua wa mashamba waliachwa nje ya sheria hiyo. Mtu wa kiwandani aliweza kudai haki yake mbele ya sheria. Mtu wa shambani akidai, alifukuzwa, na mwingine mwenye njaa akashika mahali pake.

Tarehe 8 Septemba 1965 Wafilipino, wakiongozwa na Larry Itliong, waligoma wakitaka dola 1.40 kwa saa. Siku nane baadaye chama cha watu wa asili ya Mexico, kilichoongozwa na César Chávez na Dolores Huerta, kilikutana katika ukumbi wa kanisa la Bikira Maria wa Guadalupe, kikakata shauri kugoma pamoja nao. Mwaka 1966 vyama hivyo viwili vikawa kimoja. Neno hili si dogo, kwa kuwa wenye mashamba walikuwa wamezoea kuwatumia watu wa taifa moja kuvunja mgomo wa taifa lingine.

Chávez alizaliwa mwaka 1927 katika jimbo la Arizona. Jamaa yake walipoteza shamba lao, naye tangu ujana akachuma mazao ya wengine. Mwaka 1952, katika mji wa San Jose, alikutana na Padre Donald McDonnell, aliyemfundisha mafundisho ya Kanisa juu ya kazi na ujira, pamoja na waraka wa Papa Leo wa 13 wa mwaka 1891. Tena alisoma habari za Gandhi wa Bara Hindi, ambaye mwaka 1918 alifunga siku tatu katika mji wa Ahmedabad kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya nguo waliodai nyongeza ya 35 kwa mia. Gandhi mwenyewe alikiri baadaye kwamba mfungo ule ulikuwa na kasoro. Wenye viwanda walikuwa rafiki zake, nao walisikia kwamba wanalazimishwa. Kwa hiyo kila atakaye kufunga kwa ajili ya haki hana budi kujiuliza: je, nafunga ili nimshurutishe mwenzangu, au nafunga ili nijitakase mimi?

Swali hilo lilimfikia Chávez mwaka wa tatu wa mgomo. Watu walikuwa wamechoka, ushindi hauonekani, na vijana wakaanza kunong'onezana kwamba bila kuchoma na kupiga hakuna litakalopatikana. Tarehe 15 Februari 1968 akaacha kula. Baada ya siku chache akawakusanya wafanyakazi, akawaeleza kwamba hafungi juu ya wenye mashamba. Anafunga kwa ajili yao wenyewe, ili chama kirudi katika njia isiyo ya kumwaga damu. Kisha akaenda kwa miguu mpaka uwanja wa chama uitwao Forty Acres, akakaa katika chumba kidogo cha stoo.

Si wote waliopendezwa. Walikuwako ndani ya chama waliosema kwamba mgomo ni kazi ya mikutano na hesabu, si ya misa na misalaba. Waprotestanti wengine nao waliona mashaka kwa sababu ya ibada za Kikatoliki. Lakini vibarua wenyewe walielewa upesi. Wakaja toka mabonde ya mbali, wakapiga hema zao nje ya chumba kile, na kila jioni misa ikasomwa hapo. Wachungaji wa Kiprotestanti, ambao kwa miaka mingi walikuwa wakiwahudumia vibarua wahamaji, wakasimama pamoja na mapadre. Watu waliokuja kusali walikaa hata usiku wakizungumza habari za kazi. Hivyo mfungo wa mtu mmoja ukawa mkutano wa wengi.

Tarehe 27 Februari Chávez aliitwa mahakamani katika mji wa Bakersfield kwa mashtaka ya kampuni moja ya mizabibu. Alikwenda akishikiliwa kwa udhaifu, akakuta zaidi ya watu elfu moja wamepiga magoti kimya, wakisali ndani na nje ya nyumba ya hukumu. Hakuna aliyetupa jiwe. Kesi ikaahirishwa.

Mfungo ulikwisha Jumapili tarehe 10 Machi 1968, Dominika ya pili ya Kwaresima, baada ya siku 25. Maelfu walikusanyika katika bustani ya mji wa Delano, na altare ikawekwa juu ya gari la mizigo. Seneta Robert Kennedy akaketi karibu na Chávez, akampa mkate. Chávez hakuwa na nguvu za kusema; mchungaji wa Kiprotestanti, Jim Drake, akamsomea maneno yake. Maana yake ilikuwa kwamba maskini hana mali ya kupigania haki, ila ana mwili wake na roho yake, navyo aweza kuvitoa.

Je, mkate wa vibarua ulipatikana? Si kwa mfungo peke yake. Chama kiliwaomba watu wa miji yote waache kununua zabibu, nao wengi wakaacha. Kamati ya maaskofu Wakatoliki ikasaidia kupatanisha. Tarehe 29 Julai 1970 wenye mashamba wa Delano wakatia sahihi mapatano, na ujira ukawa dola 1.80 kwa saa. Hata hivyo mwaka 1973 mapatano mengi yalipokwisha, wenye mashamba wakafanya mapatano na chama kingine, na taabu ikaanza upya. Mwaka 1975 jimbo la California likatunga sheria ya kuwapa vibarua haki ya kuchagua chama chao. Mwaka 1988 Chávez alifunga tena siku 36 kwa sababu ya dawa za sumu zilizonyunyizwa mashambani. Alipomaliza, wengine wakaupokea mfungo kwa siku tatu tatu, wa kwanza akiwa mchungaji Jesse Jackson. Chávez alifariki mwaka 1993.

Walimu wenzetu, na tuyapime mambo haya. Mfungo wa Delano haukuongeza hata senti moja katika ujira siku ile ulipokwisha. Ulichofanya ni kuwazuia wenye haki wasiipoteze haki yao kwa ubaya, na kuwaketisha pamoja watu ambao hawakuwa wakiketi pamoja. Mapatano ya mwaka 1970 yalijengwa juu ya msingi huo. Basi Kwaresima ijapo, tukiisha kuwafundisha watu wetu kupunguza chakula, tuwaulize na neno la pili: yule aliyetulimia shamba, aliyetuchotea maji, aliyetujengea ukuta, je, amekwisha kulipwa? Kama ujira wake ungali mikononi mwetu jua likichwa, mfungo wetu bado haujaanza.