Mizani Isiyopima Uzito

Dereva wa lori anayetoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Tunduma anaijua mizani kama mahali: Vigwaza, Mikese na nyingine huko mbele, zenye foleni, karatasi na faini. Muuza samaki anaijua kama chombo cha mezani kwake. Mnajimu anaijua kama nyota, na mhasibu anafunga hesabu za mwaka kwa nduguye, mizania. Waliosoma Surat ar-Rahman wanaijua kama kitu kilichowekwa pale mbingu zilipoinuliwa, watu wakakatazwa kukipunja. Wote hawa, kila mmoja kwa njia yake, wanapima uzito au wanatafuta usawa, na hivyo hawajaenda mbali na Kiarabu lilikotoka neno lenyewe. Mshairi wa Kiswahili peke yake ndiye asiyepima chochote. Akisema mizani, anahesabu silabi.

Kwa Waarabu haikuwa hivyo. Katika karne ya 8, huko Basra, al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, anayetajwa kuwa mzaliwa wa Omani, aliweka misingi ya elimu ya arudhi. Husimuliwa kwamba fikra ilimjia aliposikia nyundo za wafua shaba sokoni. Iwe kweli au ya kutungwa, hadithi hiyo inalingana na elimu yenyewe, kwa sababu alichokitafuta katika shairi ni pigo. Alipata bahari 15, na ya 16 huhesabiwa kuwa nyongeza ya al-Akhfash. Kila bahari ni mnyororo wa maneno ya kupimia kama fa'ulun na mafa'ilun, na ndani yake silabi fupi ni nyepesi, ilhali iliyorefushwa au kufungwa kwa konsonanti ni nzito.

Chukua bahari ya kamil. Kipimo chake ni mutafa'ilun, silabi tano: mbili nyepesi, moja nzito, moja nyepesi, moja nzito. Mtunzi anaruhusiwa kuziunganisha zile mbili nyepesi za mwanzo ziwe moja nzito, na hapo kipimo kinasikika kama mustaf'ilun, silabi nne. Kwa kuwa nusu ya mstari hubeba vipimo vitatu, inaweza kuwa na silabi 15, au 14, au 13, au hata 12, na Mwarabu asione kasoro yoyote. Nyepesi mbili zimelipwa kwa nzito moja, uzito uko palepale. Huo ndio upimaji wa mizani hasa.

Sasa mpe mshairi wa Mvita au wa Tanga mshororo huu nilioubuni hapa hapa: «Ngoma za nyumba ya pili, hazizuii kulala». Vidole vinahesabu nane na nane. Badilisha kidogo, useme «hazimzuii kulala», na ataguna kabla hujamaliza. Kilichoongezeka ni m tu, mvumo wa midomo usio na irabu, lakini kimekuwa silabi ya tisa na shairi limekuwa guni. Sikio hilohilo linajua kwamba m ya «mtu» inahesabiwa na ya «mbuzi» haihesabiwi, na mtu aliyekulia kwenye Kiswahili hahitaji kufundishwa hilo. Hakuna fidia ya nyepesi mbili kwa nzito moja, maana nyepesi na nzito zenyewe hazipo. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na ule mvuto mdogo wa silabi ya pili kutoka mwisho hautenganishi neno na neno. Hata «kaa» ni silabi mbili, ka na a, wala si moja ndefu.

Lugha nyingine zilizokabidhiwa arudhi ya al-Khalil zilijibu tofauti, na hapa ndipo ulinganisho unaponoga. Kihausa kina irabu fupi na ndefu zinazobadili maana, kwa hiyo mizani ya Kiarabu ilikikaa vizuri. Nana Asma'u wa Sokoto (1793–1864), binti wa Usman dan Fodio, alitunga kwa Kiarabu, Kifulani na Kihausa, na Kihausa chake kiliweza kupimwa kwa bahari za Kiarabu bila kuteswa. Kituruki hakikuwa na bahati hiyo. Maneno yake ya asili hayana irabu ndefu za kupingana na fupi, lakini washairi wa ikulu za Osmaniya waling'ang'ania arudhi kwa karne nyingi, wakivuta kwa makusudi silabi fupi ili ihesabiwe kuwa ndefu. Ufundi huo uliitwa imale. Wakati huohuo waimbaji wa vijijini walikuwa wakihesabu silabi zao saba, nane au kumi na moja bila wasiwasi. Mwisho wa karne ya 19 Mehmet Emin Yurdakul aliandika kwa hesabu hiyo ya kijijini, Ziya Gökalp akaitetea, na arudhi ikaanza kuondoka jukwaani.

Waswahili hawakuzipa silabi zao mateso hayo. Walichukua jina, mzigo wakauacha. Mswada wa utenzi uitwao Chuo cha Herekali ulioandikwa Pate mwaka 1728 tayari una beti za vipande vinne, kila kipande mizani nane. Majirani wa neno hilo nao walihama: bayt, ambayo kwa Mwarabu ni hema na pia mstari mmoja wa shairi, kwetu ikawa ubeti wenye mishororo kadhaa. Bahari ikaacha kuwa aina ya pigo, ikawa aina ya utungo: utenzi, wimbo, ukawafi.

Kama jina lingefuata kazi, chombo cha mshairi wetu kingeitwa pishi. Surat al-Mutaffifin inawalaani wapunjaji wa aina mbili, wa kipimo cha kujaza na wa kipimo cha uzito, na soko la pwani lilizijua zote mbili. Kibaba na pishi hazina habari na uzito. Unajaza, unamwaga, unahesabu, na pishi moja ni vibaba vinne. Ubaya wa kuhesabu bila kupima uzito wakulima wa viazi wanaujua. Jina lake ni lumbesa: gunia limeshonewa kilemba juu, mnunuzi analipia «gunia moja», na hesabu haina kosa hata kidogo. Kwenye shairi lumbesa haiwezekani, kwani silabi zetu zote zina ujazo mmoja. Kuhesabu kunatosha.

Ila kuna jambo moja ambalo mshairi anakubaliana na wale wa barabarani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima, lakini kila ekseli nayo ina kikomo chake. Lori linaweza kuwa chini ya tani 56 na bado likatozwa, kwa kuwa shehena imelalia nyuma. Mshororo wa silabi 16 nao, ukigawanyika saba katika ukwapi, nusu ya kwanza, na tisa katika utao, nusu ya pili, jumla inatimia na bado ni guni.

Kutotenganisha jina na kitu kuliugharimu ushairi wetu ugomvi mrefu. Sheikh Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha kanuni zake za utunzi mwaka 1954. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata mizani, mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi walipofuata na Malenga wa Bara mwaka 1976, mabishano ya vina na mizani yaligeuka haraka kuwa mabishano ya asili: haya ni ya Waarabu, haya ni yetu. Kwa upande wa mizani naona hoja zote mbili zilikosea mlango. Jina ni la Kiarabu, hilo halina ubishi. Lakini kuhesabu silabi sawasawa hakukutoka kwa al-Khalil, ambaye elimu yake inaruhusu idadi ibadilike ndani ya bahari moja. Kukataa mizani kwa sababu ni ya Kiarabu ni kukataa kibandiko tu, na kuitetea kwa heshima ya Kiarabu ni kuheshimu kibandiko hichohicho. Kezilahabi alikuwa na sababu nzuri zaidi ya kuiacha: mambo aliyotaka kuyasema hayakuja kwa nane na nane.

Na bado uzito haukutupwa kabisa, uliachiwa sauti. Tenzi na mashairi yalitungwa yaghaniwe, na mahadhi ndiyo yanayoamua silabi ipi ivutwe na ipi ikatwe. Ndiyo maana neno kama «maktaba» ni tatizo la karatasi zaidi kuliko la mdomo. Wengine huhesabu tatu, mak-ta-ba, wengine nne, ma-k-ta-ba, na Alhamisi ina kesi hiyohiyo. Mghani mzoefu hutia irabu ndogo au huimeza k kadiri sauti inavyohitaji, na mshororo unatimia. Mtahini mwenye kalamu nyekundu hana mahadhi mbele yake. Anagonga meza kwa kidole, anapata 17, na anaandika «guni» pembeni.